Inalala Saa Nne Asubuhi

Nyumbani, 14 Januari

Shemeji,

Salamu. Najua barua inachukua wiki nzima kukufikia huko mgodini, na simu haishiki bondeni kwenu, kwa hiyo nakueleza yote kwa pamoja.

Kaka yako yupo. Daktari anasema kiharusi hakijarudi, lakini kilichochukuliwa hakitarudishwa. Kichwa ni kilekile cha dereva wa treni: anakumbuka kila stesheni, kila kona, na kila aliyewahi kumkosea. Mwilini amebakiwa na vidole viwili vya mkono wa kushoto. Sauti yake ndiyo ile kompyuta uliyomfungia kabla hujaondoka. Anaandika neno, inamsomea. Wageni wanashtuka kumsikia mtu mzima akiongea kwa sauti ya mtangazaji. Mimi nimezoea. Juzi aliniambia chai haina sukari, nikamjibu nikiwa jikoni kama zamani, kisha nikakaa chini.

Tatizo ni hili. Kompyuta inalala. Anakuwa katikati ya maneno, skrini inageuka nyeusi, naye akibonyeza haiamki. Mtu akilaliwa na kompyuta si neno, atapiga kelele. Kaka yako hana kelele.

Jumatatu iliyopita nilitoka kidogo. Alikuwa ameketi dirishani apate hewa. Jua likazunguka likamkuta pale. Niliporudi skrini ilikuwa nyeusi, midomo yake imepasuka, upande mmoja wa uso umeungua hadi ngozi imetoka. Kidole kilikuwa bado kinabonyeza. Sijui kilibonyeza kwa muda gani.

Nifanye nini? Nieleze polepole, mimi si fundi.

Shemeji yako


Mgodini, 23 Januari

Shemeji,

Nimeisoma barua yako mara tatu. Wenzangu waliniuliza kama kuna msiba, nikasema hapana.

Usiogope. Kompyuta kulala si ugonjwa, imeundwa hivyo ili isile umeme bure. Isipoguswa kwa dakika kumi na tano, inadhani mwenyewe ameondoka. Kosa ni langu, nilisahau kwamba Kaka anaweza kulifikiria neno moja kwa dakika ishirini. Alikuwa hivyo hata kabla hajaugua.

Fungua mipangilio, tafuta sehemu ya umeme. Utaona palipoandikwa muda wa kulala. Pabadilishe paseme kamwe. Kisha ile kibodi ichomoe kwenye kigawio cha mbele, kile kidude chenye matundu ya waya, uichomeke moja kwa moja nyuma ya kasha la kompyuta, maana kompyuta ikilala kigawio nacho kinakufa. Mwisho, kwenye ukurasa wa kibodi kuna kisanduku cha kuiruhusu iamshe kompyuta. Kitie tiki. Ukifanya hivyo, hata ikilala, herufi moja tu itaiamsha. Wewe unayetia uzi kwenye sindano ya cherehani huwezi kushindwa na tiki.

Ikiendelea, kuna daftari ndani ya kompyuta yenyewe. Inaandika kila ilipolala, saa ngapi na kwa sababu gani. Njia ya kulifungua nimekuandikia nyuma ya karatasi hii. Maneno yake ni ya kigeni, usihangaike kuyaelewa. Yanakili herufi kwa herufi uniletee.

Najua unakaa naye kutwa nzima. Mungu akulipe. Wengine tungekuwa tumeshakimbia.

Shemeji yako


Nyumbani, 27 Februari

Shemeji,

Nilifanya yote. Nilihangaika Jumamosi nzima, kaka yako akinisomea barua yako kwa sauti ya mashine na kuniambia nimebonyeza siko. Tukacheka. Siku tisa zikapita salama, mchana na jioni, haikulala hata mara moja. Alinisimulia habari za daraja lililosombwa na maji mwaka ule alipokuwa na mabehewa kumi na sita nyuma yake. Miaka yote ya ndoa hakuwahi kunisimulia.

Kisha ikaanza tena. Sasa ni asubuhi tu. Ikifika jioni ni nzima, asubuhi inalala. Na jambo jingine, kibodi naikuta imesogea pembeni ya meza mahali ambapo mkono wake haufiki. Nadhani inateleza, meza ile haijakaa sawa. Nimeweka kitambaa chini yake lakini bado inateleza.

Nikimuuliza mwenyewe, anaandika, "Inalala tu." Nikimuuliza imelalaje, anaandika kwamba anataka maji. Jioni hasemi tena mengi. Nampa dawa zake, anameza, anaangalia ukuta.

Daftari nimelifungua. Karatasi ya pili nimekunakilia mistari kumi na moja, tarehe, saa na neno la sababu. Neno lenyewe ni lilelile katika mistari yote. Utaona saa zenyewe zinakaribiana, karibu zote ni kati ya saa nne na saa tano asubuhi.

Mama yenu anakusalimu. Amekonda. Siku hizi nikimwambia akae tule, anasema ana haraka ya kurudi kwake.

Shemeji yako


Mgodini, 10 Machi

Shemeji,

Nimekaa na karatasi yako siku mbili kabla ya kushika kalamu, nikitafuta maana nyingine. Sikuipata.

Kompyuta ikilala yenyewe huandika kwamba haikutumika. Hilo ndilo neno nililotarajia. Neno ulilonakili wewe mara kumi na moja maana yake ni kitufe. Ni kile kitufe kikubwa cha mbele ya kasha. Nilikipanga mimi mwenyewe, kikibonyezwa kidogo kompyuta inalala. Kasha liko upande wa kulia wa Kaka, na mkono wa kulia wa Kaka ulikufa. Kitufe hakijibonyezi, Shemeji. Na kibodi haina miguu.

Saa nne asubuhi nyumbani mna watu wawili, yeye na wewe.

Sikutaka kuamini. Nimejiuliza kama ulichoka, na kama umechoka nani akulaumu. Lakini mtu akichoka husema. Hamzibi mdomo mgonjwa kisha akamwandikia mdogo wake barua ya kuomba ufundi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami nilikuwa nadhani wanasema juu ya watu wengine.

Kwa kuwa siwezi kuuzuia mkono wako nikiwa huku, nitakizuia kitufe. Rudi kwenye mipangilio ya umeme. Kuna mahali pameandikwa kitufe kikibonyezwa kifanye nini. Chagua kisifanye chochote. Hifadhi. Kisha kibodi ifunge kwenye meza kwa kamba, mbele ya macho ya Kaka, na umwombe anithibitishie kwa maandishi kwamba umefanya.

Sitamwambia Mama. Ana miaka yake, habari hii itamuua.

Mdogo wa mume wako


Nyumbani, 21 Machi

Shemeji,

Barua yako ilifika Jumatano. Jioni hiyohiyo kitufe nilikiua na kibodi nikaifunga kwa kamba ya nguo. Uthibitisho wake ndio huo nimeuambatanisha. Ameandika, "Amefanya. Siye yeye." Maneno hayo matatu yalimchukua dakika nyingi kwa sababu alikuwa analia, na akilia kidole kinaruka.

Sasa nisikilize.

Saa nne asubuhi sipo nyumbani. Tangu Novemba nafanya kazi ya kufua mashuka hospitali, naingia saa moja na kutoka saa nane. Cherehani niliiacha. Sikukwambia kwa sababu siku ile ya kiharusi, mbele ya ukoo wenu mzima, shangazi yenu alisema nitamtoroka mume wangu, nami nikaapa kwamba sitavuka mlango akiwa kitandani. Nimeuvuka kila siku. Siku ya jua niliyokuandikia "nilitoka kidogo," nilikuwa kazini. Uongo wangu ni huo, na nimeukiri.

Anayekaa naye asubuhi ni Mama.

Sikutaka kumuuliza. Alhamisi niliomba ruhusa nikarudi mapema. Nilimkuta uani amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, amejiziba masikio kwa kanga. Ndani ile sauti ilikuwa inasema jambo moja tu, inalirudia. Kitufe kilikuwa hakimsikii tena, hakuwa na namna. Nikasimama mlangoni nikasikia kwa masikio yangu. Kaka yako alikuwa anamwomba mama yake ampe vidonge vyote vya kwenye chupa kwa mara moja.

Mama hakuinua uso. Alisema, "Kila siku, ukishatoka tu. Mtoto niliyemzaa ananiomba nimuue, na ananiomba kwa sauti ya mtu nisiyemjua. Ningefanya nini? Nilikuwa naizima."

Alikuona ukibonyeza pale siku ulipoifunga, ukasema hapa ndipo inapolala. Alijifunza kwa kukutazama. Tulipotia ile tiki, kaka yako akawa anaiamsha tena kwa herufi moja, ndipo Mama akaanza kumwondolea kibodi. Siku ya jua alibonyeza, akatoka uani, akakaa huko hadi aliposikia komeo la geti.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema angeniambiaje kwamba mume wangu anataka kufa, na mimi ndiyo kwanza natoka kufua mashuka ya wagonjwa wa wenzangu.

Usiku ule nilimuuliza mume wangu kwa nini hakuniomba mimi. Akaandika, "Wewe ungekubali."

Sijui kama ni kweli. Nakuuliza wewe, nimjibu nini? Hilo halimo kwenye mipangilio.

Mke wa kaka yako


Mgodini, 2 Aprili

Shemeji,

Nisamehe. Sina neno kubwa kuliko hilo, na najua ni dogo. Nimekuhukumu kwa karatasi.

Umeniuliza umjibu nini. Sijui. Nimejaribu kuandika mara nne. Labda daktari aambiwe, kuna dawa za huzuni. Chupa ya vidonge iwe kwako, kazini uende nayo. Sauti ya mashine unaweza kuipunguza upande wa kulia wa skrini, chini, penye alama ya spika, ila isipungue mno akashindwa kuita. Ningekuja, lakini kazi huku hairuhusu kabla ya Agosti, tumebaki mafundi wawili.

Ndani kuna barua ya Mama. Hajui kusoma maandishi yangu, naomba umsomee wewe, neno kwa neno, usimpunguzie.

Shemeji yako

*

Mama,

Nimeambiwa yote. Mtoto wako hana mguu, hana mkono, hana ulimi. Alikuwa na kitu kimoja, na hicho ukakizima. Uso wake uliungua akiwa hatua kumi kutoka ulipokaa. Usiseme kwamba hukujua. Ulijiziba masikio ili usijue.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, ndivyo ulivyotulea. Sasa nashindwa kujua uliujua kwa wapi. Kama huwezi kumsikia, usikae naye. Rudi kwako, tutatafuta mtu mwingine.

Mwanao wa mwisho


Nyumbani, 14 Aprili

Shemeji,

Barua yako ilifika Ijumaa. Mama tulimzika Jumanne iliyotangulia.

Nilikupigia kwenye namba ya ofisi ya kampuni yenu mjini. Aliyepokea akasema atatuma ujumbe kwa redio ya kazi. Kama ulikufikia, hukujibu. Kama haukukufikia, basi umeupata hapa, na pole.

Ulikuwa moyo. Daktari alisema ulikuwa unamsumbua muda mrefu. Mama hakuwa amemwambia mtu.

Barua ya Mama niliisoma peke yangu, nimeketi kwenye kitanda chake kule kwake. Sikumsomea mtu yeyote. Kaka yako aliniona nikiwa nayo akauliza imetoka kwa nani, nikasema ni ya kazini. Hiyo ni mara ya pili nasema uongo kwa ajili ya barua hizi, na huu sitaukiri kwake. Nakurudishia. Ichome wewe mwenyewe.

Ametaka akuandikie. Ameandika kwa siku tatu, hakutaka nimsaidie wala nisome. Nimechapisha hospitali, kwenye mashine ya karani wetu wa stoo, karatasi nikaigeuza chini.

Mke wa kaka yako


Nyumbani, 11 hadi 13 Aprili

Mdogo wangu,

Kila herufi ni kazi kwangu. Sitaremba.

Mama hakunionea. Nilimwomba jambo baya, na nilimwomba kila asubuhi, kwa sababu mke wangu alikuwa hayupo na Mama hakuwa na pa kukimbilia. Nilimchagua yeye makusudi. Nilijua atakataa. Nadhani nilitaka mtu anikatalie. Alipobonyeza kitufe nilikuwa namchukia mpaka saa nane.

Kitufe kilipokufa, siku ya kwanza alikimbilia uani. Siku ya pili pia. Siku ya tatu aliingia, akavuta kiti, akakaa mbele yangu. Nikaandika maneno yaleyale. Mashine ikasoma. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nimekusikia. Sitakupa. Sema kingine."

Sikuwa na kingine.  Kesho yake ikawa hivyohivyo. Naomba, anakataa, ananiambia niseme kingine. Siku ya tano nikamwambia chumba kinanuka dawa. Akafungua dirisha. Hivyo ndivyo tulivyoanza.

Tulipata asubuhi kumi na tano. Nilimweleza jinsi injini inavyotetemeka kwenye mwinuko kabla hujaisikia. Yeye alinieleza kuhusu dada yetu aliyekufa kabla hujazaliwa. Wewe humjui. Aliishi siku tisa. Mama alisema alimnyonyesha akiwa ameshakufa kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwambia. Hakuwahi kumwambia mtu. Aliniambia mimi kwa sababu, alisema, mimi siwezi kumkatiza.

Kuna asubuhi nilisahau kuomba. Alilitambua kabla yangu. Hakusema, ila alinichana nywele.

Jumatatu ya tarehe sita nilikuwa naandika. Kama saa nne na nusu. Yeye alikuwa anangoja nimalize neno. Nilipoinua macho alikuwa ameegemea upande, kanga imemwanguka. Kisha akatoka kwenye kiti polepole, kama anaketi chini.

Niliandika, "Mama ameanguka." Nikaipandisha sauti mpaka mwisho. Nikaifanya irudie. Unajua ile sauti ilivyo. Haina haraka. Haijui kupiga kelele. Ilisema Mama ameanguka kama anayesoma bei ya mahindi. Majirani wamezoea kuisikia asubuhi, wanadhani ni redio.

Alikuwa hai. Nilimwona akipumua. Alikuwa ananitazama. Nikaacha kuita kidogo nikamwandikia nipo hapa. Mashine ikamsomea. Kisha nikaendelea kuita.

Ilichukua dakika hamsini na mbili. Saa iko kwenye pembe ya skrini. Aliyekuja ni fundi viatu wa nyumba ya pili. Alikuja kutuambia tupunguze sauti. Alipofika mlangoni Mama alikuwa ameacha kunitazama kama robo saa hivi.

Fundi viatu analia kila akinikuta. Mtu yeyote asimlaumu.

Ulitengeneza vizuri. Haikulala hata sekunde moja. Nakushukuru kwa hilo na sikukejeli. Bila kile kitufe kufa nisingepata asubuhi kumi na tano, na bila mashine kuwa macho Mama angekufa bila kusikia kwamba nipo.

Lakini usiniandikie tena maelekezo. Mke wangu hakusema, ila najua ile barua haikutoka kazini. Niliona mwandiko wako kwenye bahasha. Sijui uliandika nini, na sitaki kujua. Wewe umekuwa unatupenda kwa kalamu tangu siku niliyougua. Uliondoka wiki mbili baada ya mimi kutoka hospitali. Nilikuona mlangoni ukishindwa kunitazama usoni. Sikukulaumu. Hata mimi kioo nimeomba kiondolewe.

Lile nililomwomba Mama sijaacha kulitaka. Siku nyingine nalitaka, siku nyingine nalisahau mpaka jioni. Nakuambia ukweli ili usije ukidhani unakuja kwa mtu aliyepona. Sitakuomba wewe. Nitakuomba tu uketi, na nikisema neno baya usitoke nje.

Ruhusa ya mke wangu inaisha tarehe tatu Mei. Tarehe nne, saa moja kasoro robo asubuhi, atanilisha, ataniweka mezani, atafunga mlango aende kazini. Utakuwa umefika, au hujafika.

Kaka yako